Moto Ukifika Mgunga Ule

Somo yangu mpenzi,

Mimi mzima, binti mzima, na mjukuu wetu ananyonya kama aliyetumwa. Wasiwasi ni kwenu huko Bagamoyo. Ukikuta alama za vidole vyeusi kwenye karatasi hii usidhani ni uchafu wa safari. Ni masizi. Nimenawa mara tatu kwa sabuni ya mche na bado yamekaa kwenye kucha. Nitakueleza, lakini ngoja nianzie mwanzo, maana najua usipopewa safari yote utanipigia simu usiku.

Dar es Salaam hadi Dodoma nilipanda treni ya umeme. Sikumaliza hata karanga zangu, tukaambiwa tumefika. Baada ya hapo ni basi: Manyoni, Itigi, kisha msitu, msitu, msitu, mpaka ukapitiwa na usingizi na kuamka ukakuta msitu uleule. Nilikuwa nawaza wale wapagazi waliotoka huku na pembe za ndovu mabegani hadi kwetu pwani. Msafara uliotoka Bagamoyo ulichukua miezi mitatu, mara nyingine minne na ushei, kufika Tabora. Burton, yule msafiri Mwingereza, mwaka 1857 alitumia siku zaidi ya mia. Mimi nililalamika kwa sababu kiti kilikuwa hakilali.

Kabla ya kwenda kwa wakwe nilipita Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, kuiona tembe waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Usicheke, najua sijawahi hata kuingia vizuri makumbusho yetu ya Caravan Serai hapo Bagamoyo. Kilichonikaa kichwani ni paa. Tembe ya asili ina paa bapa: mihimili, fito juu yake, halafu udongo umeshindiliwa. Hakuna nyasi, hakuna makuti. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1871, wapiganaji wa mtemi Mirambo waliingia Tabora, wakamuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu pale, na kuchoma sehemu ya mji. Stanley alikuwa hapo Kwihara anautazama moshi, watu wake wanatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta. Nikajiuliza: kama ile nyumba ingekuwa ya makuti kama yako, somo, angekuwa na haja gani ya matundu? Cheche moja tu ingetosha.

Sikujua kwamba wazo lile lingenirudia siku nne baadaye.

Ziba, kijiji cha wakwe, iko wilaya ya Igunga. Njia kuu ya misafara haikupita hapa penyewe, ilipita kusini, Tura na Rubuga kuelekea Kwihara. Lakini watu ni walewale, na utani ni uleule. Nilipoteremka tu garini, mzee, baba wa mkwe wetu, akaniuliza kama nimekuja kumlipa ujira wa babu yake aliyebeba mzigo hadi Bagamoyo akapewa kaniki moja. Nikamwambia babu yake alipewa mbili, moja aliinywea pombe njiani. Akacheka mpaka akakaa chini. Basi nikajua nimefika kwa watani.

Mwisho wa Agosti huku hakuna jani bichi isipokuwa minyaa na miembe. Mvua walizisahau tangu Aprili au Mei, na mpya hawazitarajii kabla ya Novemba. Njia nzima kutoka Nzega niliona vipande vya ardhi vyeusi, vingine bado vinafuka. Nilimuuliza kijana niliyekaa naye ni nani anachoma. Akanitazama kama nimemuuliza nani anapumua. Kuna anayesafisha shamba. Kuna mchungaji anayetaka majani mabichi yachipue kwa ng'ombe wake. Kuna mchoma mkaa aliyeacha tanuri. Kuna mrina asali, na mkoa huu ni wa asali, aliyepanda na kienge cha moshi kwenye mzinga wa magome, nyuki wakamzidi, akakitupa na kukimbia. Na wapo, alisema kwa sauti ya chini, wanaowasha tu, kwa imani kwamba moto ukienda mbali na maisha yako yatakwenda mbali. Mimi nikawaza, maisha yako yaende mbali na nyumba yangu iende wapi?

Wala si jambo la nyikani tu. Unakumbuka ule moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020? Ulianzia Whona, mahali wanapopumzika wapanda mlima. TANAPA walisema ulitokana na watu waliokuwa wakipasha chakula. Zaidi ya kilomita za mraba 95 zikaungua kwa sababu ya sufuria.

Sasa nikupeleke nyumbani kwa mkwe wangu, mama mkwe wa binti, maana huyu mwanamke ndiye aliyenifanya nikae kuandika.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na ufagio. Nikatoka nikidhani nimsaidie, kumbe uwanja ulishafagiliwa na yeye yuko nje ya ua wa minyaa, anafagia porini! Nikamuuliza, mkwe, huko nako kunakaa wageni? Akasema anayemfagilia ni moto. Kuzunguka boma lote, upana wa hatua kama kumi na tano, ardhi ilikuwa tupu, nyekundu, imelimwa kwa jembe mwezi wa Mei nyasi zikiwa bado na umande, kisha inafagiliwa kila baada ya siku chache kwa sababu upepo unarudisha majani makavu. Wataalamu wa misitu wanaiita barabara ya moto. Mkwe wangu hana jina kwa ajili yake. Anaifagia.

Kisha akanionyesha nyumba. Kubwa ni ya matofali na bati, na mimi nikasema, hii haina wasiwasi. Akanishika mkono akanisimamisha chini ya upenu, akanyoosha kidole pale bati linapokutana na ukuta. Kulikuwa na udongo umekandikwa kila mahali penye mwanya. "Moto hauingii mlangoni kama mgeni," akasema. "Unatuma watoto." Watoto ni cheche. Zinaruka mbele ya moto wenyewe, zinapita juu ya ardhi uliyofagia, zinatafuta tundu lililo chini ya bati, na darini kumejaa kila kitu ulichosahau: magunia, mashuka ya zamani, kiota cha ndege. Nyumba ya bati inaungua kutokea ndani, wenyewe wako nje wanatazama moto porini. Mzee akadakia kwamba ndiyo maana kijiji kinaitwa Ziba. Sidhani kama ndiyo asili ya jina, lakini kwa mtani nilimpa alama.

Jikoni ni msonge wa nyasi, na hapo mkwe hana la kuziba. Kwa hiyo ameuweka mbali na nyumba, upande ule upepo unakoelekea, ili ukiwaka cheche zake ziende kinyume na nyumba. Kuni haziegemezwi ukutani. Mabua ya ng'ombe yako juu ya uchanja kule nje. Petroli ya pikipiki ya kijana wa nyumba, ambayo alikuwa anaiweka kwenye chupa ya soda chini ya kitanda, sasa iko kwenye kidumu ndani ya shimo lililofunikwa, na jinsi kijana anavyoeleza, uhamisho huo haukufanyika kwa upole. Mlangoni kuna pipa la maji na gunia la katani limetundikwa. Chini ya kitanda cha mkwe kuna sanduku dogo la bati: vitambulisho, hati ya shamba, vyeti vya watoto vya shule, kadi ya kliniki ya mjukuu. Sanduku halifungwi kwa kufuli. Nani atatafuta funguo?

Siku ya tatu, kama saa nane mchana, tulikuwa tunachambua mchele. Mzee alikuwa amelala chini ya mwembe. Akainuka kabla yetu, akakaa, akanusa. Akaokota vumbi, akaliachia hewani, likaenda kuelekea nyumbani. Ndipo nikauona moshi upande wa mbugani, mweupe, umelala, haujasimama. Moshi uliolala, mzee alinieleza baadaye, ndio wa kuogopa, maana upepo umeukalia na unausukuma.

Filimbi zikaanza. Huku sungusungu wana filimbi, na filimbi hiyohiyo ya mwizi ndiyo ya moto. Kisha mwano, lile yowe lao refu, likapokewa boma hadi boma mpaka nywele zikanisimama. Watu wakatokea kila upande, kila mmoja na tawi bichi la mwarobaini au la mwembe, kana kwamba wanakwenda kumpokea kiongozi.

Hakuna aliyeuliza afanye nini. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko moto. Binti mkubwa wa nyumba akambeba mjukuu wetu na kumshika mkono bibi, ambaye haoni, wakaondoka na watoto wote hadi uwanja wa mpira wa shule. Pale ni vumbi tupu, moto hauna cha kula. Akabeba na lile sanduku kichwani. Mvulana akafungua zizi na kuwaswaga ng'ombe hadi shamba lililolimwa. Hakumfunga hata ndama mmoja. Mkwe akaanza kumwagia maji paa la msonge. Na mimi? Mimi nilishika kiroba cha unga, kile cha nailoni, nikakichovya majini nikatoka mbio. Mkwe akanipigia ukelele ambao sijapigiwa tangu darasa la nne. Kiroba kikipata joto kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Akaninyang'anya. Akanivua na mtandio wangu ule wa maua, ule wa Zanzibar, akautupa ndani na kunitupia kanga nzito ya pamba iliyolowa. Viatu navyo akavitazama. Nilivaa ndala. Akanivika mabuti ya mumewe.

Ukiukaribia moto wa nyasi, somo, kwanza unausikia. Ni kama mtu anapasua kitambaa kisicho na mwisho. Mbele yake mwewe walikuwa wanazunguka na kushuka, wanadaka panzi waliokuwa wanakimbia. Panya wakatupita miguuni bila kutujali. Nilitaka kusimama mbele, kuupiga usoni. Kijana mmoja akanivuta. Kichwa cha moto hakipigwi, akasema, kichwa kinaua. Wanaanzia mkiani, kule ulikokwisha pita, wanasimama kwenye majivu, kisha wanaukandamiza ubavu mmoja na mwingine, polepole, mpaka kichwa kinakuwa chembamba. Tawi haliinuliwi juu na kupigwa kwa nguvu kama mnavyopiga mkeka, maana hapo unarusha cheche. Unaliburuta na kulibana. Ukizidiwa, majivu yako nyuma yako. Mahali palipokwisha ungua hapaungui tena.

Hapo katikati ya kazi nikamwona mkwe ameacha ndoo, anatazama mti. Kuna mgunga mmoja umesimama peke yake, kama hatua mia tatu kutoka bomani, una tawi lililovunjika. Akaniambia: moto ukifika mgunga ule, tunaacha. Ndoo chini, matawi chini, wote uwanjani. Hakuna wa kurudi kuchukua redio wala kuku. Waliamua hivyo zamani, siku ambayo hakukuwa na moto wala moshi, wakiwa wamekaa wanakula. Ukingoja kuamua moto ukiwa mbele yako, alisema, macho yatakudanganya, kwa sababu kila mtu anaipenda nyumba yake.

Nimelifikiria hilo usiku kucha. Kule Australia, jimbo la Victoria, walikufa watu 173 kwa moto wa porini wa tarehe 7 Februari 2009. Wale ni watu wenye magari ya zimamoto, redio na ndege. Walikuwa wamefundishwa kwamba ama ujiandae ubaki kuitetea nyumba, ama uondoke mapema. Wengi walingoja waone kwanza. Wengine moto uliwakuta majumbani, wengine walipojaribu kukimbia dakika za mwisho. Baada ya hapo, serikali yao ikaanza kuwaambia watu kwamba kuna siku ambazo la kufanya ni kuondoka tu, tena mapema, moshi haujaonekana. Mkwe wangu hajasikia habari za Australia, lakini ana mgunga.

Moto haukufika mgunga. Mzee na wenzake wawili, wazee watupu, walikwenda kwenye njia ya ng'ombe, wakakaa wakipimana kwa macho na upepo, kisha wao wenyewe wakawasha. Roho yangu ikaruka. Lakini ule moto mdogo ukavutwa kuelekea mkubwa, ukala nyasi zote za katikati, na zilipokutana ndimi zikapanda juu kama nyumba, zikalia mara moja, zikafa. Nikataka kushangilia. Mzee akasema nisije nikajaribu hilo Bagamoyo, kwani watu wa pwani tukisikia moto tunafikiria samaki. Anasema kweli, hata kwao vijana hawaruhusiwi. Upepo ukigeuka umejiongezea moto wa pili.

Hasara: uchanja wa mabua, mizinga miwili iliyokuwa juu ya mti wa mtundu, na sehemu ya ngitili ya jirani. Ngitili ni majani wanayoyahifadhi kwa ajili ya ng'ombe wakati wa njaa ya kiangazi, desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi, ambayo serikali ilipoanza mradi wa kuhifadhi ardhi Shinyanga mwaka 1986 iliiona ina akili kuliko mipango mingi ya ofisini. Jirani alisimama mbele ya yale majivu bila kusema neno. Ni chakula cha ng'ombe mpaka Novemba kilichoondoka kwa dakika chache. Watu wakaanza palepale kugawana ni nani atachukua ng'ombe wangapi wa kuwalishia.

Kijana mmoja aliungua mkono. Mwenzake akaja na asali, mwingine na dawa ya meno. Mkwe akawafukuza wote, akamwagia maji safi ya kawaida, kata baada ya kata, dakika ishirini nzima, nami nikishika saa. Kisha wakamfunika kwa kanga safi na kumpeleka hospitali ya Nkinga kwa bodaboda. Ilikuwa jeraha dogo, tumeshukuru.

Nilidhani yameisha. Saa tisa usiku mzee akanigongea niende kuona. Rundo la samadi nyuma ya zizi, ambalo mchana halikuwa na hata moshi, lilikuwa jekundu ndani kama tanuri. Cheche moja ilidondoka pale, ikakaa inatafuna chinichini saa kumi na mbili. Pumba za mpunga nazo, anasema, ni hivyohivyo, na mashina makavu. Ndiyo maana siku ya moto hawalali wote. Wanagawana zamu, wanazunguka na ndoo, wanafukua, wanagusa kwa mgongo wa mkono. Tulifukua lile rundo kwa koleo mpaka alfajiri, mimi nikiwa na mabuti ya mtu. Hayo masizi ya karatasi yametoka huko.

Aliyewasha hajajulikana. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na daftari, akakumbusha kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuchoma pori atakavyo, na kwamba zimamoto ni 114. Watu wakaiandika namba. Mzee akaniambia pembeni kwamba piga kwanza, ni sawa, piga mapema, wakati moshi ungali mbali, lakini gari likiwa njiani wewe si uko na tawi?

Sasa, somo, nina kazi nakupa, na usiniambie utaifanya kesho. Nyuma ya jiko lako, kwenye ule ukuta wa upande wa bahari, kuna makuti ya ziada uliyoyarundika tangu tulipoezeka paa mwaka juzi. Yameegemea nyumba, na paa lako limeshuka mpaka linayagusa. Na jirani yako kila Jumamosi anachoma takataka kwenye shimo lisilofika hatua kumi kutoka hapo. Mwite yule kijana wa Tandika anayekuchotea maji, mpe elfu tano ayahamishe hadi chini ya mkwaju. Lile pori la kiwanja kisicho na mwenyewe, hapo kati yako na barabara, alifyeke upana wa hatua kumi na tano. Jirani zungumza naye mwenyewe, kwa upole, unajua anavyonuna. Vyeti vyako vitoe kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, mwambie fundi akutengenezee sanduku la bati.

Nakuletea michembe ya viazi vitamu, kilo mbili, na asali chupa moja iliyookolewa kwenye mzinga wa tatu. Ina harufu ya moshi kidogo. Mkwe anasema hiyo ndiyo tamu.

Nitaondoka Jumanne. Mtandio wangu haujaonekana, nadhani mbuzi.

Wako,
Somo yako